Uzi wa Gunia

Mfaume aliiegesha kwenye mchanga mwekundu
akasema neno moja: "Inavuta."
Wapi? "Kushoto, fundi.
Nikiachia mkono mmoja nifute jasho, inataka kwenda kwao."

Kila mwenye pikipiki husema inavuta.
Kwa wengine ni upepo tu wa tairi.
Wengine wamefunga madumu matatu upande mmoja, upande wa pili moja,
maji ya Newala ni mali, yanapanda mlima kwa pikipiki,
halafu lawama naletewa mimi.
Kwa hiyo sikukimbilia spana.
Nilibonyeza tairi kwa dole gumba, kisha nikapima kwa geji.
Nikazungusha rimu, nikitazama njiti moja moja.
Haikuyumba.

Nikaiweka stendi kubwa, tofali chini ya injini,
gurudumu la mbele likaning'inia.
Nikashika shokapu kwa chini,
nikavuta kwangu, nikasukuma kwake,
nikisikiliza kwa viganja.
Golori zilizokwisha hazijui siri: hugonga, tok,
kama jino bovu linaloguswa na ulimi.
Hizi zilinyamaza.
Nikageuza usukani taratibu, kulia, kushoto,
nikitafuta lile shimo dogo la katikati
ambamo usukani hujilaza kama umechoka.
Ulipita laini, kisu kwenye ming'oko iliyochemshwa.

Mfaume kakaa juu ya injini chakavu, anahesabu vidole.
Wiki tatu. Zimebaki wiki tatu mkataba uishe,
kadi itoke jina la Nachundu, iingie jina lake.
Miezi kumi na sita, anasema, samaki nimemwonja kwa jirani.
Stika ya tangi ameshaichagua:
jina la mama yake, Somoe, kwa herufi za njano.

Bado nyuma. Bushi za swingamu, nzima.
Alama za kukazia mnyororo: ya tatu kushoto, ya tatu kulia.
Likabaki lile swali ambalo fundi mvivu haulizi.
Nikachomoa uzi kwenye gunia la korosho,
nikauzungusha tairi la nyuma,
nikauvuta mpaka mbele, pande zote mbili, kimo cha ekseli,
nikachuchumaa, jicho moja nimelifumba.

Uzi hauna urafiki.
Kulia, nafasi ya kidole.
Kushoto, vidole vitatu.

Fremu.

Nikapapasa chini ya tangi, nyuma ya shingo ya usukani,
nikakwaruza rangi kwa ukucha.
Mshono ulikuwa pale,
vijiwimbi vifupi, kila kimoja kinarudi nyuma kidogo
kabla ya kwenda mbele.
Newala nzima hakuna anayechomelea hivyo.
Ni mimi tu.

Masika ya mwaka juzi, mteremko wa Kitangari,
lori la magunia, na pikipiki ikaletwa juu ya toroli
usukani umetazama ulikotoka.
Nachundu alilipa mara mbili:
kwanza kuchomelea, kisha rangi.
Kunyamaza hakukutaja. Kulikuwa ndani ya bei.
Nilinunua bati kumi na mbili.
Mvua ikinyesha nazisikia zote.

"Umeona nini, fundi?"

Ningeweza kusema golori.
Elfu kumi na tano, aende zake na furaha yake,
na keshokutwa ivute tena, na tena,
mpaka siku atakayofuta jasho
mahali ambapo barabara haimsubiri mtu afute jasho.
Maneno ya kifundi yalinijaa kooni, mengi,
yale ya kumpoteza mteja njia.
Nikayameza.

"Njoo," nikamwambia. "Shika uzi huu upande wako.
Usiulegeze.
Fumba jicho moja.
Niambie wewe unaona nini,
halafu nitakuambia ni mkono wa nani."